Paji la Uso la Baba

Nafanya kazi katika duka la uchapishaji Kamwokya, mtaa wa Kampala, ghorofa ya kwanza, juu ya vijana wanaotengeneza simu. Tunachapisha kadi za harusi, kalenda, mabango ya makanisa na vile vitabu vidogo vya ratiba ya mazishi. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kompyuta. Watu huleta picha ya marehemu iliyokatwa kutoka picha ya sherehe, na kazi yangu ni kuondoa mkono wa jirani begani mwake, kufuta kivuli usoni, kumvalisha shati safi. Kwa sababu hiyo nimezoea kutazama vichwa vya watu kwa karibu kuliko wanavyojitazama wenyewe.

Mwaka niliotimiza miaka ishirini na mitano, mwenye duka alipanda ngazi akatupiga picha ya wafanyakazi wote kutoka juu, ya kuweka kwenye kalenda yetu. Nilipoifungua kwenye kompyuta niliona kichwa kimoja ambacho ngozi yake ilikuwa inang'aa katikati ya nywele, na mapanja yamerudi nyuma pande zote mbili. Nikajiuliza huyo mtu ni nani. Shati lilikuwa langu.

Niliirekebisha picha ile kabla mtu mwingine hajaiona. Ilinichukua dakika chache tu, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kesho yake nilinunua kofia.

Wasomaji wengine watauliza kwa nini sikunyoa tu, mambo yakaisha. Wanaume wangapi Kampala wananyoa na wanapendeza. Kwangu kunyoa kulikuwa na maana nyingine. Baba yangu alikuwa askari, na alipokufa mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita. Mama alinyolewa, nami nikanyolewa baada yake, kwenye stuli moja, nje ya nyumba yetu ya kambini. Nakumbuka baridi ya wembe na mama akinishika kidevu nisitikisike. Tangu siku hiyo, kichwa kilichonyolewa kwangu kilikuwa kichwa cha mtu aliyefiwa. Sikutaka kuamka kila asubuhi nikiwa vile.

Basi nikaishi na kofia. Niliivaa kwenye joto, niliivaa kanisani nikiwa nimesimama nje, niliivaa kwenye harusi za wateja. Ndani ya jengo lolote nilijua taa ziko wapi, nikakaa mahali ambapo hazinimuliki kwa juu. Kulikuwa na msichana niliyekuwa naye wakati huo, mwalimu wa watoto wadogo. Jioni moja aliniuliza kwa upole, "Hiyo kofia unaivua lini?" Nikacheka, nikabadilisha mazungumzo. Tuliachana kwa mambo mengine kabisa, mambo ya kawaida ya watu wawili, lakini mimi nilizibebesha nywele lawama yote.

Aliyeniambia habari za upasuaji wa nywele ni mteja wetu mmoja, Mkenya, anayeuza matangi ya maji na vyombo vya plastiki. Kila mwisho wa mwaka huja kuchapisha kalenda. Mwaka uliotangulia alikuwa na kipara cha wazi kabisa, na mwaka ule alikuja na nywele. Nilijaribu kutomtazama. Yeye akaona.

"Uliza tu, ndugu yangu," alisema. "Nilipandikiza."

Akainama mbele ya meza yangu, akanionyesha. Kweli zilikuwa nywele, zake mwenyewe, zimeota mbele zimejikunja vizuri. Ukikaribia sana uliona zimetokeza moja moja, kama mahindi yaliyopandwa na mtu mwangalifu.

"Uliumia?"

"Sindano za ganzi. Hizo zilinitoa machozi, sikufichi. Baada ya hapo nililala usingizi, wao wakiendelea."

"Na watu wanasemaje?"

"Watu hawasemi kitu. Hilo ndilo nililolipia."

Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa na pesa nilizokuwa naziweka kwa ajili ya kiwanja, nje ya mji, na usiku ule kiwanja kilianza kuwa kidogo machoni pangu. Mtu anaweza kupanga chumba maisha yake yote. Kichwa hakipangishwi.

Kliniki niliyokwenda ilikuwa ya magonjwa ya ngozi, safi, yenye viti vya kijani na televisheni isiyo na sauti. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye nywele fupi zilizoanza mvi. Aliniambia nivue kofia kama vile ananiambia nivue kiatu. Akawasha taa yenye kioo cha kukuza, akaanza kupitisha vidole vyake kichwani mwangu, mbele, utosini, kisogoni. Hakuna mtu aliyekuwa amegusa kichwa changu kwa karibu miaka miwili. Nililazimika kufumba macho.

"Una kovu lolote lililovimba mwilini?" aliuliza.

"Hapana."

"Vizuri. Watu wetu wengine ngozi yao ikikatwa inaota nyama juu. Hao huwa nawarudisha nyumbani."

Akanieleza kazi yenyewe. Nywele mpya hazitengenezwi, alisema. Za kisogoni ndizo zinazong'olewa moja moja na mizizi yake, kwa sababu hizo kwa kawaida hubaki hadi uzeeni, zikapandwa mbele. Kisogo ni kama ghala, ukishachota umechota. Kisha akachukua kalamu laini, akanichorea mstari kwenye paji la uso mahali ambapo nywele zingeanzia, akanipa kioo.

Sitasahau nilichoona. Ulikuwa mstari tu wa rangi ya bluu, lakini jicho lilijaza lililobaki. Niliona kijana niliyemjua, yule wa sekondari. Nilimtazama muda mrefu, na daktari akaniacha nimtazame.

"Tatizo langu ni hili," alisema mwishowe. "Wewe bado kijana, na nywele zako bado ziko safarini. Nikikupandia hapa mbele leo, halafu za nyuma yake zikaendelea kutoka, ukifika miaka arobaini utakuwa na kisiwa mbele na uwanja nyuma. Na ghala nimeshalichota. Kwa hiyo nataka kujua zinaelekea wapi. Upande wa mama, wajomba zako wana nywele?"

"Wote. Hata mkubwa wao, mwenye mvi."

"Na baba?"

"Alifariki."

"Pole. Alipofariki alikuwa na nywele?"

"Sijui," nilisema.

"Hujui?"

"Alikuwa askari. Picha tuliyo nayo ni moja, na amevaa bereti."

"Alikuwa na umri gani?"

"Ishirini na nane."

Daktari aliweka kalamu mezani. Akalowesha pamba kwa spiriti, akanifuta ule mstari taratibu. "Kamuulize mama," alisema. "Halafu urudi."

Mama anakaa Ggaba, ufukweni mwa ziwa. Baba alipokufa tulitoka kambini, tukaenda Bwaise, na Bwaise tulikaa hadi maji yaliyoingia ndani kila msimu wa mvua yakamchosha. Ggaba alijifunza biashara ya mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Anawanunua kwa wenye mitumbwi, anawaanika juu ya nyavu zilizotandazwa kwenye chanja, anawauzia wanawake wanaokuja kutoka mjini. Nyumbani kwetu tumeongea Kiswahili siku zote. Baba alikuwa Mwislamu wa kabila moja, mama ni Mkatoliki wa kabila jingine, wote wa kaskazini, na lugha waliyokutana nayo ni ile ya kambini. Alipokufa baba, mama hakuibadilisha.

Nilimkuta mchana, ameinama juu ya chanja, anaokota takataka kati ya mukene. Nilimsalimia, nikavuta kigoda. Nilikuwa nimepanga kuzunguka kwanza, nizungumzie kazi, bei ya samaki. Badala yake niliuliza moja kwa moja.

"Mama, baba alikuwa na nywele?"

Mikono yake ilisimama. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Nani anauliza?"

"Daktari."

"Daktari haulizi mambo ya baba kama mtu haumwi," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikaona kwamba alikuwa ameshafika mbali, kwenye magonjwa ya damu na ya moyo, na nisipomuokoa haraka atafika mbali zaidi. Nikavua kofia.

Hakushtuka. Alijipangusa mikono kwenye leso, akasogea, akanigeuza kichwa kuelekea kwenye mwanga, kama alivyokuwa akinikagua chawa nilipokuwa mdogo.

"Yake ilianza hapa," alisema, akigusa panja la kulia. "Halafu hapa. Halafu hii ya katikati ikaanza kuwa nyepesi. Sawasawa na wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeuliza lini? Wewe unakuja hapa na kofia, unaondoka na kofia. Nilisema labda ni fasheni."

Akakaa chini kwenye gunia, miguu ameinyoosha mbele, na akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Picha ile ya baba, ninayoijua tangu nipate akili, imepigwa studio. Amesimama wima, kitambaa cha rangi ya anga nyuma yake, bereti imekaa sawasawa, imelalia sikio moja. Mimi nilikulia chini ya picha hiyo. Siku zote niliamini ni fahari ya askari kijana.

"Hakutaka kuvaa bereti," mama alisema. "Tulikuwa tumeoana juzi. Alitaka picha ya mume, si ya kazi. Alitaka nywele ionekane. Lakini nywele hapa mbele ilikuwa imeanza kwenda, na wenzake kambini walikuwa wanamuita mzee. Basi asubuhi hiyo alichukua polishi ya viatu. Ile nyeusi, ya buti. Akapaka hapa na hapa, akachana vizuri. Akaniuliza, naonekanaje? Nikamwambia, vizuri. Na ilikuwa vizuri kweli, kwa mbali."

Akatabasamu akitazama chini.

"Tulitembea kwa miguu mpaka studio. Jua lilikuwa kali. Kufika, amekaa mbele ya kamera, taa zimewashwa, polishi ikaanza kushuka. Ilishuka hapa, ikapita kwenye nyusi. Mpiga picha akasema, afande, unatoka jasho jeusi."

"Baba alifanya nini?"

"Alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshika mdomo wangu namna hii. Akaona, akaanza kucheka yeye kwanza. Tulicheka mpaka mpiga picha naye akakaa chini. Halafu akampangusa na kitambaa, akamwambia, vaa bereti yako, afande, tumalize. Ndiyo picha hiyo."

Nilicheka na mimi, lakini kicheko hakikufika mbali. Nilikuwa nimemfahamu baba kwa mambo machache sana: kwamba alikuwa dereva wa magari makubwa ya jeshi, kwamba aliniletea mpira, kwamba alikufa barabarani huko walikopelekwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa limenifanya nimfikirie akiwa mbele ya kioo asubuhi, ana wasiwasi. Ghafla nilimwona kabisa. Siku ile ya studio alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyokuwa sasa.

Mama alikuwa ameacha kutabasamu. Aliokota mukene mmoja, akamvunja kwa vidole.

"Walipomleta, sanduku lilikuwa limefungwa," alisema. "Wakasema tusifungue. Nilimfuata yule mkubwa wao. Nikamwambia, sitaki kuona mwili. Nionyeshe kichwa tu, hapa juu, mimi nitamjua. Akasema, mama, haiwezekani. Kwa hiyo nilizika sanduku."

Ng'ambo ya chanja wanawake wawili walikuwa wanabishana kuhusu gunia, na injini ya mtumbwi ilikuwa ikiwashwa na kuzima. Mama aliweka kiganja chake utosini mwangu, kikiwa bado na harufu ya samaki, akakiacha hapo. Sikutikisika.

Baada ya muda aliuliza, "Sasa huyo daktari anataka kufanya nini?"

Nikamweleza. Nywele za kisogoni zinang'olewa, zinapandwa mbele. Alisikiliza kwa makini, akanigeuza tena, akatazama nyuma ya kichwa changu.

"Hii ya nyuma ni ya kwetu," alisema. "Kaka zangu wote wako hivi, nzito. Kwa hiyo wanataka kuchukua ya kwetu, wafunike ya baba yako."

"Ndiyo, mama. Ni kama hivyo."

"Haya," alisema. Akasimama, akarudi kwenye mukene wake. "Kichwa ni chako, baba. Mimi sikatazi."

Ananiita baba, kama akina mama wengi wanavyowaita watoto wao wa kiume. Nimeitwa hivyo maisha yangu yote bila kulisikia neno lenyewe. Siku hiyo nilirudi mjini nikiwa nimelisikia.

Nilirudi kwa daktari, nikampa jibu. Aliandika, akatikisa kichwa, akasema kama baba alikuwa ameanza kupungukiwa hadi katikati kabla ya miaka ishirini na nane, basi na mimi huenda nikafika mbali. Alinishauri nisubiri angalau miaka michache. Akanipa dawa ya kupaka, asubuhi na jioni, na akanionya kwamba ikinisaidia itanibidi niipake daima. Nilimshukuru. Nilipofika mlangoni aliniambia, "Si kwamba haiwezekani. Ni kwamba bado sijui kichwa chako kitakuwa kipi." Nadhani alisema hivyo kunifariji.

Dawa niliipaka miezi kadhaa. Iliniwasha, na ikaleta manyoya laini mbele, membamba kama ya mtoto mchanga, ambayo niliyaona mimi peke yangu. Nilipomaliza chupa ya mwisho sikununua nyingine. Sitaki kusema kwamba niliacha kwa hekima, au kwamba niliyakubali maumbile yangu, kama watu wanavyopenda kusimulia mambo haya. Yule Mkenya bado anakuja kuchapisha kalenda zake, nywele zake ziko imara, na kila nikimwona nafurahi kwa ajili yake na nasikia wivu kidogo. Huenda siku moja nitakwenda. Lakini kila nilipotaka kupiga simu kliniki nilijikuta nimesimama mbele ya kioo kwanza, na nilipokuwa pale sikuwa tena nakagua nywele. Nilikuwa natafuta mtu. Mstari ule wa ngozi uliokuwa ukirudi nyuma ndicho kitu pekee baba alichoniachia ambacho hakikuwa kwenye picha, na kilikuwa kinanijia polepole, mwezi baada ya mwezi, kama mtu anayekuja kwa miguu.

Mwisho nilikwenda kunyoa. Nilichagua kinyozi nisiyemjua, mtaa wa mbali na kazini, siku ya katikati ya wiki ambapo hakukuwa na foleni. Aliponiuliza namna gani, nilimwambia, "Toa zote." Alianza na mashine, akamalizia na wembe. Wembe ulipogusa kisogo, baridi ile ile ikanishuka mgongoni, nikajikuta nimekamata mikono ya kiti. Kinyozi akasimama.

"Nimekukata, ssebo, bwana wangu?"

"Hapana. Endelea."

Alipomaliza alinifuta kwa taulo la moto. Nililia kidogo chini ya lile taulo, na sidhani alijua, au kama alijua alikuwa mstaarabu. Sikuwa nalia kwa ajili ya nywele. Nilipokuwa na miaka sita nilinyolewa kwa ajili ya mtu ambaye sikuwa namjua vya kutosha kumlilia. Sasa kidogo nilikuwa namjua.

Kazini hakuna aliyesema kitu siku ile, isipokuwa msichana wa mapokezi aliyesema, "Kumbe," akaendelea na simu yake. Zaidi ya miaka miwili ya kofia, nikapata neno moja.

Mwaka huu nilifikisha umri wa baba, kisha nikaupita. Sikuwa nimemwambia mtu kwamba ninaisubiri siku hiyo ya kumpita. Asubuhi yake nilimpigia mama, na kabla sijasema lolote aliniambia alikuwa ametoka misa ya kwanza, na alipotoka kanisani alipita kwa sheikh wa jirani akaomba baba asomewe dua.

"Sasa wewe ni mkubwa wake," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Njoo ule."

Nilikwenda. Alikuwa amepika samaki waliokaushwa kwa karanga, vile wanavyopika kwao, na tulikula tukiwa tumekaa mlangoni. Nilitaka kumuuliza mama, mtu akishampita baba yake anamtazama nani mbele, ili ajue miaka inayofuata inafananaje. Nilipomtazama, nikaona amenyanyua shingo, anatazama upande wa ziwa, mahali ambapo wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi.

"Mvua," alisema. "Kamata upande ule."

Tuliacha sahani pale pale. Tukakimbilia kwenye chanja, yeye ncha moja, mimi nyingine, tukaanza kukunja nyavu na mukene ndani yake, haraka, kabla matone ya kwanza hayajafika.